Mwani na Rovu: Dawa ya Bahari Yafika Milimani

Mwani hauoti Alimbongo. Hata hivyo, historia ya tiba hiyo ya pwani yawahusu wakazi wa milima ya Lubero kuliko inavyodhaniwa.

Katika karne ya 4, mtaalamu wa Kichina Ge Hong aliandika kuwa mwani uliolowekwa katika pombe hutibu rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Njia ya kuijua sababu ilianza kufunguka mwaka 1811, Bernard Courtois alipoona huko Ufaransa mvuke wa zambarau ukitoka katika majivu ya mwani. Kitu hicho kikaitwa iodini. Mwaka 1820, daktari Jean-François Coindet wa Geneva aliitumia kutibu rovu.

Mvua huiosha iodini katika udongo wa milimani, na mito huipeleka baharini. Ndiyo maana maradhi hayo huwapata zaidi watu wa milimani. Lakini upungufu huo hauelezi yote. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, uchunguzi ulioanza miaka ya 1960 ulionyesha kuwa rovu lilienea zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Muhogo ulioliwa bila kulowekwa vya kutosha ndio ulioizuia tezi kuipokea iodini.

Mama mjamzito akiikosa iodini, ubongo wa mtoto hudhurika. Kwa hiyo, chumvi iliyotiwa iodini si anasa ya mjini: huwarudishia watu wa milimani kile ambacho mvua iliwanyang'anya.