Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwingine: Mgomo wa Kodi ya Ardhi Ng'ambo, Unguja, 1928

Mijadala ya makazi nafuu Afrika Mashariki huanzia kwenye gharama ya ujenzi. Insha hii inadai kwamba, kwa watu wa Ng'ambo mjini Unguja, tatizo halikuwa kuta wala paa, bali ardhi iliyo chini yake. Mgomo wa mwaka 1928 unathibitisha dai hilo.

Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe. Baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, watu wengi waliotoka mashambani walihamia huko. Walijenga nyumba za miti na udongo kwa nguvu zao, na miongoni mwa wenye nyumba hizo wanawake walikuwa wengi. Ardhi, hata hivyo, ilikuwa ya wengine, na sehemu yake ilikuwa wakfu. Sheria ya Kiislamu, kama ilivyofuatwa katika pwani, iliruhusu mtu kumiliki jengo au mti uliosimama juu ya ardhi isiyo yake. Hivyo mwenye nyumba aliweza kuwa, kwa wakati huohuo, mpangaji wa kiwanja.

Mpangilio huo ulivumilika maadamu malipo yalikuwa madogo na uhusiano wa pande mbili ulikuwa wa heshima na fadhila. Mji ulipokua, ardhi iligeuka bidhaa. Katika miaka ya 1920 wamiliki walipandisha kodi, na mahakama za kikoloni zikawapa njia ya kuwadai walioshindwa kulipa. Aliyefukuzwa kiwanjani alipoteza pia nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hapo ndipo uzito wa suala ulipokuwa.

Mwaka 1928 wakazi, wanawake kwa wanaume, walikataa kulipa kwa pamoja. Kuuita ukaidi huo ghasia za watu wasiojua sheria ni kuusoma kwa macho ya mtawala. Wagomaji walitetea kanuni waliyoielewa vyema: jasho la mjenzi lina haki yake, na mwenye ardhi hana uhuru wa kuifuta kwa kupandisha kodi. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria ya kudhibiti kodi ya viwanja. Kwa hiyo udhibiti haukuwa zawadi ya dola. Ulitokana na shinikizo la mitaa.

Ushindi huo ulikuwa na mipaka. Sheria ilimlinda kwanza mwenye nyumba. Aliyepanga chumba ndani ya nyumba hiyo hakuwa mlengwa wake, ingawa kodi ya kiwanja ikipanda, mzigo huweza kumfikia yeye pia. Mtafiti anayeiita jumuiya ya Ng'ambo kitu kimoja hufunika tofauti hii.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na majengo ya ghorofa ya Michenzani yakajengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mahali ambapo baadhi ya nyumba za Ng'ambo zilibomolewa. Dola ilijibu swali la makazi kwa zege. Wagomaji wa 1928 walikuwa wameliuliza kwa namna nyingine: ni nani mwenye mamlaka ya kumwondoa mtu mahali alipojenga? Sera yoyote ya makazi nafuu inayopima bei ya matofali na kuliacha swali hilo haijagusa kiini cha tatizo.