Jalada Lisilo na Mlalamikaji

Aija na Sur zinatazamana. Baina yao upo mdomo wa Khor al-Batah, mkono mwembamba wa bahari ambao kabla ya daraja la kuning'inia mtu aliuvuka kwa mashua, ama alilizunguka hori lote kwa nchi kavu. Hapa ndipo yalipotia nanga majahazi yaliyokwenda Lamu na Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Na ni majahazi hayo yaliyoifikisha Sur katika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague mwaka 1905.

Wanahistoria huisoma kesi ile kama ugomvi wa dola mbili juu ya bendera. Mimi kila nikiirudia naiona kesi ya kadi ya uanachama. Manahodha wa Sur walichukua hati za Ufaransa na kupandisha bendera yake ili manowari za Uingereza, zilizokuwa zikiizuia biashara ya watumwa, zisiwapekue. Na wapo walioitumia kinga hiyo kubebea watumwa. Uingereza ikalalamika. Uamuzi uliotolewa tarehe 8 Agosti 1905 ulijibu maswali ambayo leo yamejaa mezani kwa kila mwanasheria wa bima ya afya. Nani anastahili hati? Aliyeipata kabla ya kanuni kubadilika, anabaki nayo? Mwenye nayo anaweza kumpa ndugu yake? Majaji waliweka tarehe ya kikomo, 2 Januari 1892. Aliyeruhusiwa kabla ya hapo aliendelea. Aliyekuja baadaye alilazimika kuthibitisha kwamba Ufaransa ilimhesabu na kumtendea kama mtu wa hifadhi yake kabla ya mwaka 1863. Hati haikuhamishika kwa mtu mwingine wala kwa chombo kingine.

Ni uamuzi wa wanasheria hodari. Lakini wahusika wa kesi walikuwa Uingereza na Ufaransa tu. Sultani Faisal bin Turki, ambaye maji yalikuwa yake, hakuwa mhusika, wala wenye majahazi. Haki zao zilipimwa kwa makaratasi, nao wako huku wakingoja msimu.

Huo ni mkondo mmoja wa kusikiliza malalamiko: mkondo wa karatasi. Umekua, na leo makao yake makubwa yako Marekani, kwenye rufaa za Medicare, bima ya serikali kwa wazee na watu wenye ulemavu. Mgonjwa au hospitali iliyonyimwa malipo ina ngazi tano za kupanda. Kwanza ni mkandarasi yule yule aliyekataa, kisha mkandarasi mwingine asiyehusika na uamuzi wa awali, kisha jaji wa sheria za utawala, kisha baraza la rufaa la wizara ya afya, na mwisho mahakama ya shirikisho. Ngazi ya tatu iko chini ya ofisi maalumu ya usikilizaji iliyoanza kazi mwaka 2005, na hapo shauri husikilizwa upya tangu mwanzo.

Ndani ya ngazi hiyo kuna mtu ambaye umma haumuoni: mwanasheria wa serikali anayewasimamia wanasheria wenzake. Walio chini yake husoma majalada na kumwandalia jaji rasimu ya uamuzi. Yeye huzipitia rasimu hizo, hugawa kazi, hukumbusha kuhusu muda, na huuliza kwa nini majalada mawili ya maradhi mamoja yametoka na majibu mawili. Jaji huliona shauri moja baada ya jingine. Msimamizi huyaona mia kwa pamoja, na kwa hiyo, kwa maoni yangu, yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote katika nyumba ile.

Sheria ya Marekani inampa jaji siku 90 kutoa uamuzi. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 mashauri yaliyolundikana yalikuwa mamia kwa maelfu, na wengine wakangoja miaka. Chama cha Hospitali cha Marekani kikaenda mahakamani, na mwaka 2018 jaji wa shirikisho akaiamuru wizara iumalize mlundikano huo kwa hatua hadi mwaka wa fedha wa 2022. Sababu moja kubwa ya gharika ile haikuandikwa ndani ya jalada lolote: serikali ilikuwa imeajiri wakaguzi waliolipwa sehemu ya kila fedha waliyoirudisha, na wakaguzi wakakataa madai kwa wingi. Mwaka 2014 serikali ilizitolea hospitali asilimia 68 ya madai ya aina fulani ili ziondoe rufaa zao. Wanasheria waliokuwa wakisoma rasimu kila siku walikuwa mahali pazuri pa kuuona mtindo ule mapema. Ila kazi yao ilikuwa kuamua kilichokatiwa rufaa, basi.

Sasa nigeukie mkondo wa pili. Abu al-Hasan al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliandika katika al-Ahkam al-Sultaniyya mlango mzima juu ya mazalim, yaani baraza la kusikiliza dhuluma za wenye mamlaka. Anasema baraza hilo halitimii bila makundi matano: walinzi, makadhi, mafakihi, makarani na mashahidi. Makundi matano ya Mawardi na ngazi tano za Medicare vinagongana kwa namna inayofundisha. Ngazi za Marekani zimepangwa juu kwa juu, na mgonjwa ndiye anayepanda. Makundi ya Mawardi yameketi chumba kimoja, na mlalamikaji anaingia mara moja tu.

Lililonishika zaidi ni jingine. Mawardi anataja mambo kumi yaliyo chini ya mtazamaji wa mazalim, yaani mkuu wa baraza hilo, na matatu ya mwanzo ni dhuluma ya magavana kwa raia, ukusanyaji wa kodi kupita haki, na makarani wa ofisi za serikali, wale wanaoandika kinachoingia na kinachotoka katika mali ya umma. Katika matatu haya, anasema, mtazamaji hahitaji mlalamikaji. Anafungua daftari mwenyewe. La nne, malalamiko ya wanaolipwa riziki zao pungufu au kwa kuchelewa, ndilo linalongoja mtu aje. Mtu wa karne ya 11 alikwishajua kwamba daftari linaweza kudhulumu watu wengi ambao hawatafika mlangoni kamwe.

Sisi wa pwani na wa Oman tuliurithi mkondo huu kwa jina la barza, ambalo kwa Kiswahili likawa baraza. Liwali aliketi, watu wakaingia, maneno yakasemwa kwa mdomo. Sayyida Salme, binti wa sultani, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, ameeleza baraza la baba yake Unguja. Silipambi. Baraza lilitegemea moyo wa aliyeketi, na uamuzi wa leo haukumfunga wa kesho. Aliye mbali, au mwanamke asiye na wa kumsemea, alibaki nje. Lilikuwa na mlango mpana na kumbukumbu fupi. Medicare ina kumbukumbu ndefu, na mlango wake uko juu ya ngazi.

Afrika Mashariki inajenga nyumba yake wakati huu. Kenya, kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, imeiondoa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya uliokuwapo tangu 1966, na kuunda baraza la kutatua migogoro ya bima hiyo. Tanzania, ambayo NHIF yake ilitokana na sheria ya 1999, ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hapa Oman mwananchi hutibiwa katika hospitali ya serikali kwa ada ndogo, na bima ni zaidi mambo ya wafanyakazi wa kampuni. Lakini anayetaka kupinga uamuzi wa ofisi ya serikali mbele ya mahakama sharti aanze kwa kulalamika kwenye ofisi ile ile, kama ngazi ya kwanza ya Medicare.

Ninachowaomba wanaoandika kanuni za Nairobi na Dodoma si kikubwa. Mwanasheria wa serikali atakayesimamia rufaa hizi asiajiriwe kusahihisha rasimu tu. Apewe kwa maandishi haki ile ya mtazamaji wa mazalim: akiona dawa moja, hospitali moja au kipengele kimoja cha kitita cha mafao kinakataliwa kimakosa mara kwa mara, aitishe majalada yote ya aina hiyo, pamoja na ya wale ambao hawakukata rufaa, na mfuko ulazimike kuyapitia upya. Mama wa Lindi au Lodwar aliyeambiwa dirishani kwamba kipimo hakimo kwenye kitita, akarudi nyumbani, hatajua kama kuna siku za kukata rufaa. Jalada lake lipo. Kifungu hicho kiandikwe sasa, mabaraza haya yakiwa bado machanga.