Kutoka Kanuni hadi Ukisiaji: Akili Unde ya Jadi, Akili Unde Zalishi na Hatima ya Matini za Kiswahili

Tofauti kati ya akili unde ya jadi na akili unde zalishi aghalabu huelezwa kwa matokeo: ya kwanza huchanganua na kuainisha, ya pili hutunga maandishi, picha na sauti. Historia ya uchakataji wa Kiswahili kwa kompyuta hudhihirisha tofauti ya ndani zaidi, nayo ni chanzo cha maarifa.

Kuanzia miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, Arvi Hurskainen alijenga mfumo wa uchanganuzi wa Kiswahili uliokuja kuitwa SALAMA. Msingi wake ulikuwa leksikoni na kanuni za sarufi zilizoandikwa na mtaalamu. Mfumo wa aina hiyo hulichambua neno "hawakumwona" kiambishi kwa kiambishi: ha- ya ukanushi, wa- ya kiima, -ku- ya wakati uliopita, -mw- ya yambwa, mzizi -on- na kiishio -a. Unapokutana na neno lisilomo katika leksikoni, pengo huonekana, na mtaalamu hujua pa kurekebisha.

Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha muundo wa transfoma, uliofungua njia kwa modeli kubwa za lugha. GPT-3 ya mwaka 2020, yenye vigezo bilioni 175, haikuandikiwa kanuni hata moja ya ngeli. Ilijifunza kukisia kipande cha neno kinachofuata kutokana na matini nyingi mno, ambazo zaidi ya asilimia 90 zilikuwa za Kiingereza. Ukisiaji huo huiwezesha kutunga barua au muhtasari. Lakini penye pengo la maarifa, modeli huweza kulifunika kwa sentensi fasaha isiyo ya kweli.

Kwa watunga sera, mabadiliko haya yamehamisha mamlaka. Zamani ubora ulimtegemea mwandishi wa kanuni. Sasa unategemea pia matini zilizohifadhiwa na anayezimiliki. Mijadala ya Bunge la Tanzania, magazeti na vitabu vya shule vimekuwa malighafi ya teknolojia. Kanuni za kale nazo hazijapitwa na wakati: zinaweza kupima upatanisho wa kisarufi katika matini zilizozalishwa. Ukweli wa matini hizo, hata hivyo, bado wahitaji msomaji anayeijua lugha na jambo linalosemwa.