Saratani ya ovari

'''Saratani ya ovari''' (pia: '''kansa ya ovari''') ni ugonjwa unaotokea pale ambapo seli za ovari, yaani viungo viwili vya mwanamke vinavyotoa mayai ya uzazi, zinaongezeka bila mpangilio. Aina inayopatikana zaidi mara nyingi huanzia katika mirija ya uzazi iliyo jirani. Huwapata hasa wanawake waliokoma hedhi, ingawa wenye umri mdogo pia wanaweza kuugua.

== Dalili ==
Dalili za mwanzo hufanana na za gesi, vidonda vya tumbo au maambukizi ya njia ya mkojo, hivyo ni rahisi kuzipuuza. Zilizo muhimu ni:
* tumbo kujaa au kuvimba;
* kushiba haraka au kukosa hamu ya kula;
* maumivu ya tumbo la chini au nyonga;
* kukojoa mara kwa mara au kubanwa na mkojo ghafla.

Tumbo lililojaa gesi hupungua baada ya muda mfupi; dalili za saratani huendelea. Mwongozo wa tiba wa Uingereza unashauri mwanamke apimwe, hasa akiwa na miaka 50 au zaidi, kama dalili hizo zinamrudia zaidi ya mara 12 kwa mwezi. Kutokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi pia kunahitaji uchunguzi bila kuchelewa.

== Uchunguzi ==
Daktari huuliza habari za ukoo, hupapasa tumbo na nyonga, kisha huagiza ultrasaundi na kipimo cha damu cha CA-125. Kiwango cha CA-125 huweza kupanda pia wakati wa hedhi au ujauzito, na huweza kuwa cha kawaida saratani ikiwa changa. Kwa hiyo mwenye majibu mazuri arudi hospitalini kama dalili zinaendelea.

Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi hakionyeshi saratani ya ovari. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo.

== Hatari na kinga ==
Hatari huongezeka kwa mwenye mabadiliko katika jeni za BRCA1 au BRCA2, au ambaye mama, dada au binti yake aliugua. Kuzaa, kunyonyesha na kutumia vidonge vya uzazi wa mpango huipunguza.

== Matibabu ==
Matibabu ya kawaida ni upasuaji pamoja na tibakemia. Saratani ikigunduliwa kabla ya kutoka nje ya ovari, wagonjwa wengi hupona.