Nambari Tasa Inayofunga Ujumbe wa Ukambani

Mkulima wa maembe wa Kathonzweni, Makueni, akimtajia dalali wa Nairobi bei kwa WhatsApp, au mama wa Mwingi, Kitui, akimuuliza mwanawe kama amefika Mombasa salama, ujumbe huo hufungwa kwa msaada wa nambari tasa moja: 2 kwa kipeo cha 255, toa 19. Ina tarakimu 77.

Euclid alithibitisha yapata mwaka 300 kabla ya Kristo kwamba nambari tasa hazina mwisho, na kwa karne nyingi zilipendwa kwa uzuri wake tu. Mnamo 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wakaonyesha kwamba watu wawili wasiowahi kukutana wanaweza kukubaliana siri moja huku kila mtu akiwasikiliza, kwa kutumia baki zinazopatikana ukigawanya kwa nambari tasa kubwa. Mwaka 1985 Victor Miller na Neal Koblitz, kila mmoja kivyake, walipendekeza kazi hiyo ifanywe kwa nukta za mkunjo wa aljebra, na nambari ndogo zaidi zikatosha. Daniel Bernstein alichapisha mkunjo wake, Curve25519, mwaka 2006, nao ndio unaotumia nambari yetu ya 2 kwa kipeo cha 255, toa 19.

Kwa nini 19? Hapo ndipo penye utamu. Tuchukue nambari tasa ndogo, 13, ambayo ni 16 toa 3. Unataka baki ya 50 kwa 13? Katika 50 mna 16 mara tatu, zikabaki 2. Kila 16 huacha 3, basi tatu mara tatu ni 9, jumlisha 2, unapata 11. Hukugawanya kwa 13 hata kidogo. Simu hufanya vivyo hivyo: idadi ya mara ambazo 2 kwa kipeo cha 255 imo huzidishwa kwa 19, kisha hujumlishwa na baki iliyosalia. Ukishuka kutoka 2 kwa kipeo cha 255, nambari tasa ya kwanza kukutana nayo ni hii, kwa hiyo kizidishi ni kidogo na hata simu ya bei nafuu huimudu kazi.

Utasa wake haukujulikana kwa kujaribu vigawanyo kimoja kimoja. Kompyuta zote duniani zisingemaliza. Pierre de Fermat aliandika mwaka 1640 kwamba nambari isiyogawanyika kwa nambari tasa p, ikipandishwa kwa kipeo cha p toa 1, huacha baki 1 ukiigawanya kwa p. Baadhi ya nambari zisizo tasa pia hupita mtihani huo. Henry Pocklington akaukaza mwaka 1914: ukijua vya kutosha vigawo tasa vya p toa 1, unapata uthibitisho kamili. Mimi naona wanafunzi wetu wa sekondari wanastahili kuonyeshwa njia hii, badala ya kuachwa kwenye nambari tasa ndogo kama 97.

WhatsApp ilikamilisha ufungaji huu kwa watumiaji wake wote Aprili 2016. Gusa jina la unayeandikiana naye, kisha sehemu ya usimbaji fiche: utaona tarakimu 60 zilizotokana na funguo zenu wawili. Zikilingana kwenye simu zote mbili, hakuna aliyejipenyeza katikati.