Majina ya Miungu wa Kike kwa Watoto wa Ngara na Biharamulo

Katika miaka hii wako wazazi wa Afrika ya Mashariki watafutao majina ya binti zao katika hekaya za mataifa ya mbali. Wengine wapenda Athena, wengine Venus, wengine Diana. Na wengine huuliza kwa nini waende mpaka Ugiriki na Roma hali nchi za Maziwa Makuu zina majina yake zenyewe yenye nguvu, kama Nyabingi. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuanzia wilaya mbili za mkoa wa Kagera, nazo ni Ngara na Biharamulo. Hoja itakayotetewa ni hii: uzito wa jina la mungu wa kike hautokani na ushujaa unaosimuliwa juu yake, bali watokana na kuwa jina hilo lingali na mwenyewe. Mwenyewe akiisha kuondoka, jina laweza kuvikwa mtoto mchanga pasipo shida. Angali yupo, jina hilo si pambo, ni cheo.

Kwanza yatupasa kuzitambua lugha zenyewe. Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi. Biharamulo, yaani Rusubi ya zamani, ambayo Speke aliipitia mwaka 1861 na kuiandika kwa jina la Usui, ni nchi ya Wasubi na Wazinza, pamoja na Wahaya na wageni wengine. Guthrie, katika mpango wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, alikiweka Kihangaza pamoja na Kirundi na Kinyarwanda, na Kizinza pamoja na Kihaya. Kwa hiyo wilaya hizi mbili zimekaa juu ya mpaka wa makundi mawili ya lugha, na desturi za kutoa majina nazo hufuata mpaka huo kwa kiasi kikubwa.

Katika kundi la kwanza Mungu huitwa Imana, na majina mengi ya watu humtaja. Habimana maana yake ni kuwa Mungu yupo; Hakizimana, aponyaye ni Mungu; Harerimana, aleaye ni Mungu; Bizimana, ayajuaye ni Mungu; Nduwimana, mimi ni wa Mungu. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba baadhi ya majina haya huanza kwa kiambishi ha-, ambacho asili yake ni kiambishi cha mahali, na mtenda hufuata nyuma ya kitendo, kama tusemavyo sisi “palikuja wageni”. Basi majina haya si majina matupu, bali ni sentensi kamili. Mzazi amesema neno, na mtoto amelichukua neno hilo kwa maisha yake yote. Wala Imana hasimami peke yake katika majina hayo. Daima hufungwa na kitendo au na uhusiano. Mtoto haitwi Mungu. Huitwa habari ya Mungu.

Majina ya wanawake hufuata njia hiyo hiyo. Nyirahabimana ni Habimana aliyetanguliwa na nyira-, alama ya mwanamke. Mukamana limeundwa kwa muka-, ambalo asili yake ni “mke wa”, na jina la Imana. Katika majina ya watu muka- haina tena maana ya ndoa. Huonyesha tu kwamba mwenye jina ni mwanamke na kwamba amehusishwa na yule anayetajwa. Hata hivyo ujasiri wake hauna budi kukubaliwa, maana hakuna binti wa Kigiriki aliyepewa jina zito kuliko hilo. Majina ya namna hii yalisikika Ngara kwa wingi usio wa kawaida mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi na kupiga kambi Benaco.

Lakini muka- hiyo hiyo, ikiunganishwa na jina la roho au la ngoma ya kifalme, haikuwa jina la kitoto. Katika Burundi ya wafalme, Mukakiranga alikuwa mwanamke aliyewekwa wakfu kuwa mke wa Kiranga, mkuu wa roho za kubandwa, na Mukakaryenda alikuwa mtunzaji wa ngoma ya ufalme iitwayo Karyenda. Majina hayo yalikuwa vyeo. Hakuna aliyezaliwa nayo. Mwanamke aliingizwa ndani yake kwa ibada, na baada yake akaingizwa mwingine.

Kutoka hapo twaweza kuelewa habari za Nyabingi. Jina lenyewe ni wazi kwa kila ajuaye lugha za huko: nya- ni “mwenye”, na -bingi ni “vingi”, basi Nyabingi ni Mwenye Vingi. Ibada yake ilienea katika Ndorwa, Mpororo, Kigezi na kaskazini ya Rwanda, na baadhi ya masimulizi humhusisha na Karagwe, iliyo kaskazini ya wilaya zetu hizi. Wanawake waliosemewa na roho hiyo walipokewa na watu kana kwamba ni Nyabingi mwenyewe. Aliyejulikana kuliko wote ni Muhumusa, aliyedai kuwa mke wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda, aliyefariki mwaka 1895. Wajerumani walimkamata na kumweka Bukoba kwa muda wa miaka kama miwili. Alipofunguliwa aliwainua watu tena, mpaka Waingereza wakamkamata katika Kigezi mwaka 1911 na kumpeleka Kampala, akakaa huko kizuizini hadi kufa kwake mwaka 1945. Serikali mbili za kikoloni hazikumwogopa mwanamke mmoja tu. Ziliogopa jina lililokuwa likisema kwa kinywa chake. Maana hata yeye alipoondolewa, jina halikuondoka. Lilipata vinywa vingine.

Ni kweli kwamba katika Kagera wako wanaume waitwao Mugasha, jina la roho wa ziwa, nao hawahesabiwi kuwa waganga wala makuhani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba desturi ilikataza kabisa jina la roho kwa mwanadamu. Lakini Nyabingi ana tofauti yake: huyo alikuwa na wasemaji walioitwa kwa jina lake, na kumbukumbu ya wasemaji hao haijafa.

Sasa tutazame majina ya ng’ambo kwa kipimo hicho hicho. Wako wanaodhani kwamba Ukristo ulilifuta kila jina la miungu. Historia haikubali. Mtakatifu Isidora amebeba jina la Isis wa Misri, kwa maana ya “zawadi ya Isis”. Demetria ni wa Demeter, mungu wa nafaka. Martina ni wa Mars. Apolonia ni wa Apollo. Fibi, dada aliyetajwa na Paulo katika Waraka kwa Warumi, ana jina la mmoja wa miungu wa kale wa Wagiriki. Diana wa Roma ndiye aliyelinganishwa na Artemi, yule ambaye mafundi wa fedha wa Efeso walimfanyia ghasia katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19. Na leo Diana ni jina la mabinti wengi wa Kikristo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilitaka jina la mtakatifu liongezwe ikiwa wazazi hawakukubali jina la Kikristo. Ile ya mwaka 1983 inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa fikira za Kikristo.

Uislamu nao unatufundisha jambo lilo hilo. Jina la Abdul-Uzza, “mtumwa wa Uzza”, lilikomeshwa, kwa kuwa al-Uzza alikuwa mungu wa kike aliyeabudiwa na Makuraishi wenyewe. Lakini Zuhura, jina la nyota ambayo Warumi waliiita kwa jina la mungu wao Venus, limeenea pwani yote hata bara, wala hakuna aliulizaye. Uzza alikuwa na watu wake. Zuhura imebaki nyota.

Wala jina lililokwisha kukosa mwenyewe halina dhamana ya kubaki hivyo. Isis lilikuwa jina jema la mabinti katika nchi za magharibi mpaka mwaka 2014, lilipokuwa kifupi cha kundi la wapiganaji, na wazazi wengi wakaliacha. Kwa upande mwingine, Nyabinghi kwa Warasta wa Jamaica ni jina la ngoma na la mikutano ya sifa. Huko laweza kuvikwa mtoto bila hofu iliyoko huku.

Basi jibu letu kwa mzazi wa Ngara au wa Biharamulo ni hili. Diana halina ubaya, walakini halisemi neno lo lote nyumbani kwa bibi yake. Athena na Venus ni hali kadhalika. Nyabingi si jina baya, wala upagani wake si hoja, kwa kuwa Isidora na Demetria yamekwisha tujibu. Ila litamtangulia mtoto mbele ya wazee, nao watauliza ni nani aliyemtawaza. Kama mzazi ataka jina la ujasiri lisilo deni kwa mtu, lipo tayari katika sentensi za Imana.

Yabaki kazi moja kwa wataalamu wa lugha. Majina ya wanawake wa Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza hayajakusanywa pamoja na maana zake na sababu za kutolewa kwake, na wanaokumbuka sababu hizo ni wazee. Wanafunzi watokao wilaya hizi wangefanya vema kuanza na bibi zao, wakiuliza si jina tu, bali ni nani aliyelitoa, siku gani, na alikuwa akimwambia nani.