Kuzimia na Kifafa: Ushahidi wa Macho

Mtu aangukapo ghafula juani katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, neno la kwanza litamkwalo juu yake laweza kumfuata maishani. Akiitwa mwenye kifafa hali amezimia tu, huenda akanyimwa nafasi mtumbwini, hata mchumba. Akisemwa amezimia hali ana kifafa, atakosa dawa, na siku moja ataanguka majini.

Hofu ya kifafa ni ya kale. Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, kitabu kimoja cha Kiyunani katika maandiko ya Hippocrates kilikana kwamba maradhi haya yatoka kwa miungu; kilisema chanzo chake ni ubongo. Hata hivyo Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wametengwa, na wengine wana makovu ya moto. Dawa ya fenobabitali, iliyotumika kwa kifafa tangu 1912, iliwapunguzia wengi maanguko.

Kuzimia hutokea damu ipunguapo ubongoni kwa muda mfupi: kwa kusimama mno juani, kwa woga, au kwa ubovu wa moyo. Mara nyingi hutanguliwa na jasho na giza la macho. Na mtu akilazwa, fahamu humrudia upesi. Kifafa ni machafuko ya umeme wa ubongo. Katika aina yake ijulikanayo zaidi mwili hukakamaa, kisha hutikisika kwa dakika moja hadi tatu. Huenda ulimi ukaumwa pembeni, na mgonjwa huamka amechanganyikiwa.

Wengi huamua kwa mtikisiko peke yake, nao hukosea. Mwaka 1994 Thomas Lempert na wenzake wa Berlin walieleza habari za watu 42 wenye afya waliozimishwa kwa makusudi: asilimia 90 walitikisika.

Hans Berger alitangaza upimaji wa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1929. Lakini kipimo hicho chaweza kuonekana safi baina ya kifafa kimoja na kingine. Kwa hiyo tabibu hutegemea bado macho ya aliyekuwapo. Shahidi na amlaze mgonjwa ubavu, asimtie kitu kinywani, wala asimkandamize; atazame saa, na zikipita dakika tano mgonjwa apelekwe hospitali. Kisha asimulie alichokiona, na jina la maradhi amwachie tabibu.